Kundan Lal Gujral, mkimbizi aliyemtia kuku kwenye tanuri la mkate

Tembea Mombasa baada ya sala ya Isha na hutamkosa. Kuku mwekundu, kingo zimeungua kidogo, pembeni kuna naan, kachumbari na kibakuli cha ukwaju. Tumemzoea hata hatumuulizi alikotoka. Wapo wanaodhani ni chakula cha wafalme wa India wa zama za kale, na wapo wasiodhani chochote, wanaonyesha kwa kidole na kuagiza robo. Lakini kuku huyu wa tandoori, kwa namna tunavyomla hotelini, umri wake ni wa babu zetu tu, na nyuma yake kuna mtu mwenye jina. Aliitwa Kundan Lal Gujral.

Naandika haya nikiwa Keringet, Kuresoi Kusini, kaunti ya Nakuru, ambako riziki imenituma mwaka wa nne sasa. Wapwani wengi mnalijua jina hili kwa kulisoma kwenye chupa ya maji. Basi huko ndiko niliko: viazi, kabeji, majani ya chai, maziwa tele, na baridi ya kumfanya mtu wa Kisauni alale na soksi. Hoteli ya kuku wa tandoori hakuna. Ukimtamani, umpike mwenyewe, kwa oveni hii ya kawaida iliyo chini ya jiko la gesi. Mimi diploma yangu ni ya uhasibu, si ya upishi, lakini miaka minne ni mingi na kuku wa hapa ni wengi. Nitawaeleza ninavyompika. Kwanza mjueni mwenyewe, kwani bila kumjua yeye huielewi vizuri hata oveni yako.

Gujral alizaliwa mwanzoni mwa karne ya 20 huko Chakwal, katika Punjab, upande ambao leo ni Pakistan. Ni nchi ya ngano na karanga, mvua yake ya kubahatisha. Alikuwa Baniani kwa dini, kama tusemavyo huku pwani, katika wilaya ambayo wengi wa watu wake walikuwa Waislamu. Familia yake husimulia kwamba baba alifariki mapema na kijana akalazimika kutafuta kibarua kabla ya ndevu kuota. Kibarua hicho akakipata Peshawar.

Peshawar hiyo msomaji wa pwani anaweza kuielewa haraka kuliko mtu wa bara. Ni mji wa njia, kama Lamu au Mombasa ya kale, isipokuwa badala ya majahazi walikuwa na ngamia. Uko chini ya njia ya milimani iitwayo Khyber, mlango wa kwendea Kabul na Asia ya Kati. Misafara ilishusha hapo zulia, matunda makavu na farasi, na uko mtaa maarufu uitwao Qissa Khwani, yaani soko la wasimulizi wa visa, ambako wasafiri walikunywa chai na kupeana habari. Wenyeji wengi ni Wapathani, Waislamu, watu wa nyama. Nyama yao waliichoma juu ya makaa ya wazi, kama mishikaki yetu ya Forodhani. Tanuri walikuwa nalo, lakini tanuri lilikuwa la mkate.

Hapa nisimame kidogo kwenye neno lenyewe, maana ni letu pia. Tandoor ya Wapunjabi, tannur ya Waarabu na tanuri yetu ni ndugu wa baba mmoja. Aliyesoma Surat Hud analijua: katika kisa cha Nabii Nuhu, alayhi salaam, alama ya gharika ilikuwa maji kububujika kutoka kwenye tanuri, na neno lililotumika ni hilo hilo. Chombo chenyewe ni cha kale mno, kwani matanuri ya udongo yamefukuliwa hata katika miji ya kale ya bonde la Indus. Sisi huku pwani jina tukalibakiza zaidi kwa kuchomea chokaa na matofali. Wapunjabi wakalibakiza jikoni. Ni mtungi mkubwa wa udongo uliofukiwa au kujengewa pembeni, mdomo uko juu, makaa chini. Mwokaji hubandika donge la unga kwenye ukuta wa ndani, likaiva kwa dakika moja mbili. Vijijini kwao tanuri moja lilihudumia mtaa mzima, na wanawake walikuja kila mmoja na kanda lake la unga na habari zake.

Katika Gora Bazaar ya Peshawar, yaani soko la Wazungu, karibu na kambi ya jeshi la Waingereza, palikuwa na hoteli ndogo ya Kalasinga mmoja jina lake Mokha Singh, iliyofunguliwa mwaka 1920. Hapo ndipo Gujral alipoajiriwa. Inasimuliwa kwamba mwenye hoteli alitaka chakula chepesi kuliko minofu mizito iliyozoeleka, na kwamba kijana akaja na wazo la kumtia kuku ndani ya tanuri la mkate. Kuku mchanga, amevuliwa ngozi, amekatwakatwa vipande vya juu juu nyamani, ameroweka kwenye mtindi na viungo, kisha akachomekwa kwenye chuma kirefu na kuteremshwa mle ndani wima kama ndoo kisimani.

Walioandika juu yake wengi humfanya mchawi wa viungo, na mimi siamini hilo. Viungo vile kila nyumba ya Punjab ilikuwa navyo. Alichofanya ni kukichukua chombo cha kazi moja na kukipa kazi nyingine. Tanuri likikolea hupita nyuzi 400 za selsiasi. Ukuta wa udongo unatupa joto kutoka kila upande kwa pamoja, hewa ya moto inapanda kutoka chini, na matone ya mafuta yakidondokea makaa yanafufuka kama moshi na kuirudia nyama. Kuku mchanga ndani ya joto hilo huiva upesi kabla majimaji yake hayajakauka, na mtindi unamlinda nje kama koti. Nyama ya ng'ombe mzee isingefaa. Kuku mzima mwenye ngozi asingefaa pia, angeungua nje na kubaki mbichi mfupani. Mtu huyu aliliangalia tanuri, akamwangalia kuku, akaona vinapatana.

Hapo ndipo oveni yako inapoingia. Watu huniambia kwamba bila tanuri la udongo hakuna tandoori. Basi Gujral mwenyewe alitumia kifaa ambacho hakikutengenezewa kuku! Oveni ya nyumbani, ya umeme au ya gesi, nyingi husimama kwenye nyuzi 250. Tofauti ni kubwa, lakini inazibika kwa akili, nami naizibia hivi.

Kuku awe wa kilo moja na kidogo, si zaidi. Huku Keringet wengi ni wa kienyeji wanaotembea makilomita kwa siku, basi mtafute wa miezi mitatu minne. Jogoo mzee mwachie supu. Ukishamchinja na kumsafisha, mvue ngozi yote, mkate vipande vinne, na kila kipande ukichanje mara tatu nne mpaka kisu kiguse mfupa. Usione huruma, michanjo hiyo ndiyo njia ya viungo na ndiyo njia ya moto.

Kuroweka ni mara mbili, na hapa ndipo wengi wanapokosa subira. Mara ya kwanza ni chumvi, ndimu mbili na kijiko cha chai cha pilipili nyekundu ya unga. Paka, ingiza ndani ya michanjo, acha nusu saa. Maji yatakayotoka yamwage. Mara ya pili ni mtindi. Maziwa ya mala ya dukani ni mepesi mno, yatateleza na kugeuka mchuzi kwenye trei; yatie kwenye kitambaa safi cha leso, yaning'inize saa moja au mbili yachuje maji, ubaki na kikombe kimoja kizito. Changanya na thomu na tangawizi zilizotwangwa, kijiko cha kulia kila kimoja, bizari nyembamba na giligilani kavu kijiko cha chai kila kimoja, manjano kidogo, garam masala kidogo, vijiko viwili vya mafuta, na ukipata majani makavu ya uwatu yasugue viganjani na uyatie. Majani hayo ndiyo harufu ambayo watu huitambua bila kujua jina lake. Rangi nyekundu ya hotelini aghalabu ni ya kopo. Pilipili hoho nyekundu ya unga, isiyowasha, inatosha. Kuku wako atakuwa na rangi ya matofali, si ya lipstiki, na hilo si aibu.

Mlaze usiku kucha kwenye friji. Najua Keringet usiku friji ni chumba chochote kile, lakini kuku mbichi hana mzaha, mtie ndani ya friji. Wala usimwache siku mbili, ndimu na mtindi vitamlainisha mpaka awe kama uji.

Kesho yake washa oveni kwenye joto lake la mwisho na uiache tupu nusu saa. Nusu saa nzima, si mpaka taa izime, kwani unataka kuta zenyewe ziwe za moto, zitupe joto kama ukuta wa tanuri. Kuku umtoe kwenye friji mapema kidogo, umkung'ute mtindi uliozidi, umpange juu ya wavu, na chini ya wavu uweke trei ya kudaka matone. Ukimlaza juu ya trei yenyewe atajichemsha kwa maji yake, na hiyo si tandoori. Wavu uwe karibu na juu. Dakika 15, mgeuze, mpake samli, dakika nyingine 15. Oveni ikiwa na moto wa juu, mwashie huo dakika tatu nne za mwisho mpaka kingo ziungue. Kwenye vipande vinene toboa karibu na mfupa: maji yatoke meupe, yasiwe na wekundu. Mwenye kipimajoto atafute nyuzi 74.

Moshi unabaki, na moshi wapwani hatufundishwi na mtu. Nani asiyejua chetezo? Kama mama zetu walivyofukiza nguo kwa udi na mitungi kwa ubani, fukiza kuku. Mpange kwenye sufuria, katikati weka kibakuli kidogo cha chuma, tia kaa moja lililokolea, dondoshea samli kijiko kimoja, na funika upesi. Dakika nne zinatosha. Wahindi wana jina lao la kazi hiyo, lakini kwangu ni chetezo tu. Tahadhari moja kwa walio kwenye baridi kama mimi: fanya hivyo dirisha likiwa wazi, na jiko la makaa usililaze ndani ya nyumba iliyofungwa, kwani moshi usioonekana umeua watu wengi usingizini.

Turudi kwa mwenyewe. Hadi katikati ya miaka ya 1940 Gujral alikuwa mtu wa Peshawar. Alikula na Wapathani, akapikia Waislamu, Makalasinga na maafisa wa Kiingereza, na hapana shaka alidhani atazeeka pale. Kisha ikaja Agosti 1947.

Waingereza walipoondoka India waliigawa. Kazi ya kuchora mpaka alipewa wakili mmoja kutoka London, Cyril Radcliffe, ambaye hakuwahi kufika India kabla ya hapo, na alipewa wiki tano. Ramani ikatangazwa tarehe 17 Agosti, siku mbili tatu baada ya uhuru wenyewe. Punjab ikakatwa vipande viwili. Zaidi ya watu milioni 10 wakahama, Waislamu wakielekea magharibi, Wahindu na Makalasinga wakielekea mashariki, wakipishana kwenye barabara zile zile, na mamia ya maelfu wakauawa njiani. Treni zilifika vituoni zikiwa zimejaa maiti. Peshawar ikaangukia Pakistan, na Gujral, Baniani katika mji wa Waislamu, akaondoka kama walivyoondoka wenzake.

Sitaki msomaji wangu Mwislamu alione hili kama jambo la upande mmoja. Delhi alikokimbilia Gujral, Waislamu nao walikuwa wakifukuzwa kwenye nyumba zao. Ngome kongwe ya Purana Qila ilijaa familia za Kiislamu zikingojea treni za kwenda Pakistan. Mji ulimpokea mkimbizi kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili ukatengeneza mkimbizi mwingine.

Kwa nini nalikazania jambo hili katika habari ya kuku? Kwa sababu ya hapa ninapokaa. Molo na Kuresoi zinajua Agosti ya namna hiyo. Mapigano ya 1992, kisha moto wa baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, uliwatoa watu mashambani kwa maelfu, wakalala kwenye viwanja vya makanisa na vya maonyesho Nakuru. Jirani yangu mmoja, mama wa makamo, amehamishwa mara mbili maishani mwake. Hasimulii sana. Lakini ukimpa mkono wa viazi vyake anakutajia aina ya mbegu na mahali alipoitoa, na mahali hapo huwa ni shamba ambalo si lake tena.

Wala wapwani tusijisafishe. Agosti 1997, miaka hamsini kamili baada ya Agosti ya Gujral, Likoni ndiyo iliyokuwa ikiwaka, na waliobeba magodoro kukimbilia kivukoni walikuwa watu wa bara, wengine wamezaliwa pale pale. Baadhi yao walikuwa na vibanda vya chakula. Walikwenda na mapishi gani yetu vichwani mwao, na wanayapika wapi leo? Mimi nimekula pilau Nakuru mjini, ya mtu wa bara, nikajua kwa mdalasini tu kwamba huyu amewahi kuishi Mtongwe. Sikumuuliza.

Gujral alifika Delhi na kichwa chake. Akaungana na wakimbizi wenzake wawili kutoka Peshawar, Kundan Lal Jaggi na Thakur Dass Mago, wakafungua mahali pa kula Daryaganj, ukingoni mwa Delhi ya zamani, mwendo mfupi kutoka Msikiti wa Ijumaa na Ngome Nyekundu. Wakapaita Moti Mahal, Kasri ya Lulu. Jina kubwa kwa mahali pa wakimbizi watatu, lakini tanuri lilikuwapo, limejengwa wazi mbele ya wateja.

Delhi ya wakati ule haikumjua kuku wa namna ile. Chakula chake cha kifahari kilikuwa cha Kimughal, cha masufuria mazito, korma na nihari zilizopikwa usiku kucha. Hawa wa Punjab wakaja na moto. Watu wakaja kutazama kwanza, chuma kinashuka, chuma kinapanda, kuku anatoka akichuruzika. Usiku palikuwa na qawwali, nyimbo za masufi wa Kiislamu, uwanjani kwa Baniani aliyefukuzwa mji wa Waislamu. Hilo hunishangaza kuliko umaarufu wote uliofuata. Angeweza kuuchukia ulimwengu ule mzima, na watu wengi waliopatwa na mambo madogo kuliko yake wamechukia. Yeye akauweka jukwaani na kuulipa.

Umaarufu ukaja kweli. Waziri Mkuu Jawaharlal Nehru akapenda chakula kile, na Moti Mahal ikawa inapikia karamu za serikali. Familia humtaja Khrushchev wa Urusi na Jacqueline Kennedy miongoni mwa walioonja. Picha za Gujral wa miaka hiyo zinamwonyesha na masharubu yaliyosokotwa kama ya askari wa zamani, na masharubu hayo leo ndiyo nembo ya biashara ya wajukuu.

Hapo Daryaganj pia ndipo alipozaliwa yule mwingine, kuku wa siagi, ambaye kwa Kiingereza duniani kote anaitwa butter chicken. Chanzo chake ni umaskini wa jikoni. Kuku aliyetoka tanurini asipouzwa anakauka, na majokofu yalikuwa adimu. Wakamtia kwenye mchuzi wa nyanya, siagi na malai akarudi kuwa laini, na mwenye njaa akaja kulipa zaidi kwa kiporo kuliko kwa kilichopikwa jioni ile. Dengu nyeusi nazo zikapewa siagi na malai vile vile na kuachwa motoni usiku kucha. Nawe ukibaki na vipande viwili vya oveni kesho yake, usivipashe kavu. Kaanga nyanya mpaka zivunjike, chuja, tia siagi, malai ya maziwa ya asubuhi, majani ya uwatu na sukari kidogo tu, zamisha kuku dakika tano. Kwa maziwa ya Keringet mchuzi huo, wallahi, ni mzuri kuliko wa mjini.

Jambo moja nimeligundua huku juu. Mji huu uko zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, maji huchemka chini ya nyuzi 95, na maharage yanakula gesi mpaka unakata tamaa. Oveni haijali hilo sana. Kuku wa kuchemsha hapa ananichosha. Wa kuoka anaiva kwa saa ile ile niliyokuwa nikitumia Mombasa. Pengine ndiyo maana nimempenda zaidi huku kuliko nilivyompenda nyumbani, alikokuwa umbali wa hatua hamsini.

Watu hudhani chakula hiki kililetwa kwetu na wajenzi wa reli. Kati ya 1896 na 1901 Waingereza waliwaleta Wahindi wapatao 32,000 kujenga reli kutoka Mombasa hadi Kisumu, wengi wao kutoka Punjab hiyo hiyo, na karibu 2,500 walikufa kazini. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, ikapanda Mau, ikapita Molo hapo chini. Lakini hoteli ya Mokha Singh ilikuwa bado kufunguliwa. Wajenzi hao walituletea chapati, dengu na samli. Kuku mwekundu alikuja baadaye, kwa njia ya hoteli, baada ya Delhi kumfanya maarufu na wenye hoteli wa London, Nairobi na Mombasa kumwiga. Kwa hiyo tunakula chakula cha wakimbizi wa 1947, si cha vibarua wa 1896.

Mwisho wa maisha yake haukuwa wa fahari kama katikati yake. Wenzake walizeeka, washindani wakajaa kila kona ya Delhi na tanuri zao na kuku wao, maana pishi halina hatimiliki. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mkahawa wa kwanza wa Daryaganj ukatoka mikononi mwa waanzilishi. Jina likaendelezwa na mjukuu kwa matawi mapya sehemu nyingine. Kundan Lal Gujral akafariki mwaka 1997, nusu karne baada ya kuiacha Peshawar.

Januari 2024 jina lake lilirudi magazetini. Familia ya Gujral ilifungua kesi katika Mahakama Kuu ya Delhi, faili la kurasa zaidi ya 2,700, dhidi ya mikahawa inayoitwa Daryaganj, ambayo mmoja wa waliouanzisha ni mjukuu wa Jaggi, yule mwenzake wa 1947. Kila upande unasema babu yake ndiye aliyemtia kuku kwenye siagi na kuzipika zile dengu. Familia ya Gujral ilidai fidia ya dola 240,000. Mababu wenyewe walifungua duka pamoja, wakiwa hawana kitu, katika mji usio wao, na nadhani usiku ule kuku walipobaki hakuna aliyeandika ni mkono wa nani ulioshika siagi. Mokha Singh, mwenye lile tanuri la kwanza pale Gora Bazaar, hakutajwa sana katika vichwa vya habari.

Moti Mahal ya Daryaganj ingali pale pale barabarani, chini ya wenye nyingine.